Chumba cha Juu Kilichukuliwa na Maziwa

Nyumba ya kwanza ya ghorofa niliyoiona maishani ilijengwa na mtu aliyeogopa ngazi. Hilo hatukulijua mwanzoni. Tulichojua ni kwamba papa mmoja wa Walikale, kama tunavyowaita wazee wa heshima, muuza mafuta ya mawese mwenye lori lake mwenyewe, alikuwa amepata kiwanja kando ya soko letu, na kwamba mafundi wake walipofika mahali ambapo kuta zote za Masisi huishia, hawakuanza kuezeka. Waliendelea kupanda.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, katika senta iliyo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kirolirwe. Leo naiita senta. Wakati ule tuliiita mji, na mtu akibisha tulimpeleka akaone mashine ya kusaga unga.

Kwa wiki kadhaa hakuna aliyefanya kazi ya maana. Watu walisimama barabarani, mikono kiunoni, vichwa vimelala nyuma, wakihesabu matofali ya mwenzao kana kwamba yatakatwa kwenye mishahara yao. Mama yangu, aliyeuza maziwa pale kando ya barabara, alisema hajawahi kuuza vizuri namna hiyo tangu Pasaka, maana kutazama juu kunakausha koo.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini kasoro kidogo. Nilikuwa nimetoka shule ya ualimu ya misioni, nafundisha darasa la pili, nina jozi moja ya viatu, vitabu vinne, na maoni juu ya kila jambo. Kila jioni baada ya darasa nilikwenda kuwaeleza watu maana ya étage, yaani ghorofa kwa Kifaransa. Niliwaeleza kwamba Ulaya watu wote wanaishi hivyo, wamepangana kama sahani kabatini. Walinisikiliza kwa heshima. Sikuwaambia kwamba étage yenyewe nilikuwa nimeiona kwenye picha moja tu, katika kitabu cha kusomea, tena picha iliyochanika upande wa ngazi.

Nyumba ilipokwisha ilikuwa na milango minne kwa mbele. Nyuma ya kila mlango palikuwa na butiki, duka lenye sakafu ya sima, kama tunavyoiita saruji, na meza ndefu ya kuuzia. Juu ya kila butiki palikuwa na chumba cha sakafu ya mbao chenye dirisha la mabawa mawili, na ubavuni mwa nyumba, upande wa soko, palikuwa na ngazi za mbao nyekundu zilizoletwa na lori kutoka misitu ya Walikale. Mwenye nyumba alikuwa ameona kitu hicho Bukavu na hakukisahau tena.

"Chini unauza, juu unaikala," alitueleza, akionyesha kwa mkono. "Ukimaliza kazi, unapanda tu. Mvua haikupate. Mwizi haikupate. Hata muke yako akikuita kula, haitaji kutuma muntu."

Jumapili baada ya misa aliwaacha watu wote wapande kutazama bure. Alisimama chini ya ngazi akicheka, kofia mkononi, akituhimiza kama padri anayegawa medali: "Pandeni, pandeni! Iko nguvu! Hata ng'ombe inaweza panda!" Yeye mwenyewe hakupanda. Tulidhani ni unyenyekevu wa matajiri.

Sitaficha furaha yangu ya siku ile. Nilizaliwa milimani, na mlimani unaweza kuona bonde zima bila kulipa chochote. Lakini kuona soko kutoka dirishani, ukiwa ndani ya nyumba, umeegemea mbao zinazonuka msitu, na chini yako mapaa ya majirani yamelala kama migongo ya ng'ombe waliocheua wakachoka, hilo lilikuwa jambo jingine. Nilimwona mkuu wa shule yangu akipita chini. Alikuwa na upara wa duara kabisa katikati ya kichwa. Miaka miwili nilikuwa nimemwogopa mtu yule bila kujua alikuwa na upara. Hapo hapo niliamua kwamba mahali pangu ni juu.

Halafu watu wakaanza kuuliza bei, na walishuka ngazi haraka kuliko walivyozipanda. Butiki na chumba chake vilikuwa jozi, havitenganishwi. Kodi ya jozi moja ilikuwa mshahara wangu wote wa mwezi pamoja na nusu ya ule unaofuata, na kabla ya kupewa ufunguo ulitakiwa kuweka garanti ya miezi mitatu. Fundi wa cherehani alikuja, akahesabu vidole vyake mara mbili, kisha akarudi kwenye baraza lake la nyasi. Muuza chumvi alikuja, akasema atafikiri, na ninaamini bado anafikiri. Miezi miwili nyumba nzuri kuliko zote katika nchi yetu ilisimama na kufuli nne mpya, imepakwa chokaa, haina mtu. Jumapili tuliendelea kupanda kuitazama.

Wakati huo huo Leta ikatuletea amri. Leta ndiyo serikali, na amri zake zilikuja zimebandikwa kwenye ukuta wa mashine ya unga. Niliisomea umati kwa sauti, kwa Kifaransa kwanza ili wajue ninaweza, kisha kwa Kiswahili ili waelewe. Ilisema kwamba mwisho wa kiangazi, mtu yeyote anayeuza maziwa au unga pale senta lazima auzie ndani ya nyumba yenye manjanja, yaani mabati, juu, kuta zilizopakwa chokaa, na sakafu inayoweza kuoshwa. Asiye na nyumba hiyo asiuze. Nilipomaliza nilitazama nione jinsi watu walivyofurahia usomaji wangu. Nikamwona Mama amekaa chini kando ya vyansi vyake, vile vyombo vya mti vya maziwa vyenye vifuniko vya kusuka, ameshika kimoja kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anakivuta.

Baba alikuwa amekwisha kufa. Tulikuwa na ng'ombe watano tu, huko Kirolirwe kwa baba mdogo, na maziwa yao hayakutosha kujaza soko. Biashara ya Mama ilisimama juu ya wafugaji wengine wa Kirolirwe na hata wa Nyamitaba, waliomletea maziwa kila asubuhi kwa sababu walimwamini: alijua kuosha vyansi, alijua kuvifukiza moshi, na hakuwahi kutia maji. Bila biashara hiyo tungebaki kuuza ng'ombe, mmoja baada ya mwingine, mpaka tubaki na fimbo.

Mama wa maharage, aliyeuza karibu naye, alichukua habari hiyo kwa namna yake. Alikuwa Muhunde wa kilimani, kabila la watu waliolima milima ile kabla ya babu zetu kufika na ng'ombe wao, na hakuacha siku ipite bila kutukumbusha. Aliuza maharage na unga wa muhogo.

"Sasa dada," akamwambia Mama, "weye utauzia maziwa yako wapi? Mu tumbo ya ng'ombe? Iko na manjanja?"

"Na weye? Unga yako iko na sakafu?"

"Miye nitarudi kulima. Shamba haiombe chokaa." Lakini alisema hivyo akitazama ile nyumba yenye kufuli nne.

Nikaja mimi na mpango. Kodi ilikuwa kubwa, lakini ingewezekana, kwa mshahara wangu na maziwa ya Mama, ikiwa tungepata garanti. Garanti tungeipata kwa kumuuza ng'ombe mmoja, yule mwenye doa jeupe kwenye paji, maana ndiye aliyekuwa na bei. Chini Mama atauza maziwa, kwenye sima. Juu tutalala. Nilisema "tutalala" lakini nilikuwa tayari nimechagua upande wa kitanda changu na mahali pa kupigilia ubao wa vitabu vinne.

Siku mbili Mama aliosha vyansi vyake mara mbili mbili. Yule ng'ombe Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, na simlaumu. Ng'ombe hakuwahi kumweleza maana ya étage. Siku ya tatu akasema, "Basi, muuze. Lakini kwanza nione hiyo nyumba, na maziwa yaione."

Hilo la maziwa kuiona nyumba nililipita kama usemi wa kina mama. Nilimwendea mwenye nyumba, tukapatana kwa mdomo, akaniahidi jozi ya kwanza, ile ya karibu na soko. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa aje Alhamisi. Ijumaa tungeweka garanti. Nilitembea mjini kama mtu aliyekwisha kuhamia ghorofani. Nadhani hata niliwasalimia watu kwa kuinamisha kichwa kutoka juu.

Jumanne Mama akaja na vyansi viwili vimejaa. Mwenye nyumba akatufungulia mlango kwa heshima zote. Mama akavua viatu. Akagusa ukuta, akanusa chokaa, akapiga sakafu kwa kisigino kama unavyopigwa mgongo wa ndama anayekwenda kununuliwa. Uso wake ulifunguka. Akaniambia, "Hapa maji itateremka mpaka kule. Hapa nitaweka muchanga ya kusugulia." Akapanga vyansi vyake juu ya meza ndefu, akasimama nyuma yake, akatutazama mimi na mwenye nyumba kama tulikuwa wateja. Sijawahi kumwona amesimama vile. Maisha yake yote aliuza amekaa chini.

Ndipo tuliposikia miguu. Pu, pu, pu, juu ya vichwa vyetu, kutoka ukuta hadi ukuta. Vumbi jembamba la mbao likashuka taratibu katika mwanga wa mlango.

"Nani iko anatembea?" Mama akauliza.

"Iko seremala tu," mwenye nyumba akajibu. "Anapiga rangi mu chumba."

Mama akatazama dari. Akavitazama vyansi. Akavichukua, kimoja kwa kila mkono, akatoka nje akiwa amesahau viatu vyake.

Nilimkuta barabarani. "Mama, kuna nini? Vumbi? Tutaweka kitambaa."

"Mwalimu," akasema, na hilo lilikuwa jina alilonipa akiwa amekasirika tu, "weye ulizaliwa wapi?"

"Kirolirwe."

"Kwa watu gani?"

Hapo nikaelewa, na masikio yangu yakapata moto. Kwetu hakuna anayeruka chombo cha maziwa. Hakuna anayekipitishia mguu juu. Maziwa huwekwa juu ya kichanja chake ndani ya nyumba, mahali pa heshima, na hata mtoto anayetambaa hupigwa kikofi kidogo akisogea hapo vibaya. Na mimi, mtoto wa watu hao, nilikuwa nimepanga kwa akili zangu zote kuyaweka maziwa chini, kisha nilale juu yake, niamke juu yake, nivae viatu vyangu na kutembea juu yake kwenda na kurudi huku nikisoma vitabu vinne. Shule ilikuwa imetumia miaka minne kunisahaulisha jambo analolijua mtoto wa miaka mitatu. Kazi nzuri kwa kweli.

"Nikitia maziwa mule," Mama akasema, "Kirolirwe hawataleta tena hata kikombe. Watasema, maziwa yetu iko chini ya miguu ya mutoto yake. Na watasema kweli."

Mama wa maharage alikuwa amesikia yote, maana alikuwa na masikio ya kazi hiyo. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Ee Mungu! Watu wa ng'ombe! Nyumba iko, sima iko, manjanja iko, lakini maziwa inakataa! Maziwa yenu iko chefu ya kijiji?"

"Cheka, dada, cheka," Mama akasema. "Maharage yako haina kiburi. Hata ukiikanyaga inaiva."

"Inaiva vizuri hata!"

Mama alikuwa amefungua mdomo kurudisha tusi jingine. Akaufunga. Akageuka kuitazama nyumba, kwanza mlango wa chini, kisha dirisha la juu. Nikamwona akipima kwa macho, chini, juu, chini, juu, kama mtu anayechagua upande wa kukamulia.

"Dada," akasema polepole, "wewe ukilala, unaogopa muntu kutembea juu yako?"

"Miye sitalala mule! Miye iko na nyumba yangu kwa kilima. Na kule juu sipandi hata kidogo, miye si kuku."

"Na maharage yako?"

Mama wa maharage akatazama gunia lake. Kisha akaanza kucheka tena, lakini sasa kwa sauti ya mtu aliyepata kitu. "Unataka maziwa yako ikae juu ya kichwa ya maharage yangu!"

"Inakataa?"

"Ngoja niiulize." Akainama kwenye gunia, akaweka sikio. "Inasema, ukiosha sakafu na maji ikaanguka, yenyewe itaota."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa akili iliyotukomboa, kando ya barabara, kati ya wanawake wawili ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuandika neno étage. Maziwa yapande. Maharage yabaki chini. Kodi igawanywe. Garanti igawanywe. Nusu ya garanti Mama angeipata kwa kuuza mapema maziwa ya majuma machache kwa mpishi wa misioni, na ng'ombe mwenye doa jeupe abaki Kirolirwe akila majani.

Tatizo lilikuwa mwenye nyumba. Nilimwendea na mpango huo nikiwa nimeupamba kwa Kifaransa. Akakataa kabla sijamaliza. Jozi ni jozi. Bukavu alikoona, aliyeuza chini ndiye aliyelala juu. "Muntu moja, ufunguo moja, kodi moja," akasema. "Ukikata nyumba yangu katikati, kesho mwingine ataomba dirisha peke yake."

Mama akaniambia nimwache yeye. Asubuhi ya Jumatano alipanda ngazi na kikombe kimoja na chansi kimoja, akafungua lile dirisha, akaita sokoni kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Papa! Njoo huku juu, tuseme!"

Mwenye nyumba akaja mpaka ngazi ya kwanza. Akashika mhimili. "Shuka weye, Mama!"

"Papa, nyumba iko yako! Ao unaogopa maziwa?"

Watu wakaanza kukusanyika, kama wanavyokusanyika popote mtu mmoja akiwa juu na mwingine chini. Fundi wa cherehani aliacha cherehani. Mtu akapaza sauti, "Papa, hatujakuona huko juu hata siku moja!" Mwingine akasema, "Iko na sumu huko?" Wakacheka. Mwenye nyumba akacheka nao, lakini nilikuwa karibu naye, na nikaona mkono wake kwenye ule mhimili. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeupe kwenye viungo.

Mama naye aliuona, kutoka juu. Ana macho ya mtu anayejua ndama mgonjwa kabla ndama mwenyewe hajajua. Angeweza kumwacha pale achekwe mpaka akubali. Mimi ningefanya hivyo, na nilikuwa nimekwisha kutabasamu. Badala yake akashuka, akamwambia umati, "Papa iko na kazi mingi, nendeni," akamkalisha kwenye ngazi ya chini kabisa, akamjazia kikombe. Nilikaa ngazi ya tatu, nasikia.

"Ulianguka wapi, Papa?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Alikunywa nusu ya kikombe kabla ya kujibu. "Mu muchikichi," akasema. "Walikale. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nakata ngazi, ile matunda ya mawese, kamba ikakatika. Toka siku ile sipande kitu. Wenzangu wakapanda, miye nikabaki chini kuuza mafuta yao." Akafikiri kidogo. "Njo vile nilipata lori."

"Na nyumba hii yote, hujaiona juu?"

"Naambiwa iko muzuri."

"Iko muzuri sana, Papa. Lakini manjanja yako kule pembeni iko na tundu, mvua ya kwanza itaingia. Ungejuaje? Seremala alikuambia?"

Seremala hakuwa amemwambia.

"Muntu anayelala juu na kuuza chini, saa yote iko chini," Mama akasema. "Juu anaacha kwa panya. Miye nitakaa juu mchana na usiku, na maziwa. Kitu kikiharibika, nitakuletea habari hapa chini, kwa miguu yangu. Hautapanda."

Mwenye nyumba akamaliza kikombe. Alikuwa mtu wa msituni, hakuzoea maziwa. Alibaki na mstari mweupe juu ya mdomo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. "Juu," akasema mwishowe, "hakuna muntu aliyeitaka peke yake. Nitakupa kwa bei ya chini kuliko butiki. Theluthi moja ya kodi. Maharage ilipe zingine."

Mama wa maharage, aliyekuwa amejificha nyuma ya ukuta, akapaza sauti: "Maharage inakubali!"

Hapo ndipo elimu yangu ilipopata kazi kwa mara ya kwanza. Mama alitaka karatasi, na ndani ya karatasi alitaka maneno mawili tu ya kwake: kwamba bei haitabadilika kwa mwaka mzima. Niliandika kwa mwandiko wangu bora, nikaweka alama za Kifaransa juu ya kila herufi iliyostahili na chache ambazo hazikustahili. Mwenye nyumba akatia sahihi. Wanawake wakaweka kidole gumba. Mnunuzi wa ng'ombe alipofika Alhamisi, alikunywa maziwa, akarudi na kamba yake mikononi.

Siku ya kufungua, wafugaji wa Kirolirwe walifika na jua, vyansi vichwani. Hawakuwa wamewahi kupanda ngazi. Waliziangalia. Mama alisimama juu mlangoni, kichanja kipya cha maziwa kikionekana nyuma yake, na juu ya kichanja hakukuwa na kitu isipokuwa manjanja na mbingu. Mzee wa kwanza aliuliza swali moja tu: "Juu yake kunatembea nani?"

"Hakuna muntu," Mama akasema. "Ndege tu."

Mzee akaanza kupanda. Alipanda na mguu mmoja mmoja, chombo kichwani bila kukishika, mgongo umenyooka, na nyuma yake wengine, mpaka ngazi yote ilijaa watu wanaopanda na maziwa. Nimeona maandamano mengi tangu siku hiyo, mengine na bendera. Sijaona yaliyonifurahisha kama yale. Kutoka chini Mama wa maharage alikuwa akipiga vigelegele na kuwaambia wateja wake: "Nunueni maharage ya chini ya maziwa! Iko na baraka kutoka juu!" Aliuza magunia yote kabla ya saa sita. Ajenti wa afya, mkaguzi wa Leta, alikuja, akaosha mkono mmoja, akagusa sakafu, akaandika kitu, akaomba kikombe cha pili.

Kufikia mwisho wa mwezi watu walikuwa wamezoea kupanda. Walipanda kunywa, walibaki kutazama soko dirishani, na fundi wa cherehani akaja kuomba chumba cha juu cha mlango wa pili, huku muuza chumvi, aliyemaliza kufikiri, akichukua butiki chini yake. Habari hiyo ilimfikia mwenye nyumba. Siku ya kodi akaja mpaka chini ya ngazi, uso wa biashara.

"Mwalimu," akaniambia, "nenda umuambie mama yako, nataka kikombe, na nataka tuseme juu ya bei ya juu."

Kabla sijainuka Mama alikuwa dirishani. "Maziwa ya hapa inanywewa hapa, Papa! Kodi yako nayo iko hapa, kwa kichanja. Nilisema habari ya kuharibika nitakuletea chini. Habari ya bei sikusema."

Sidhani alikusudia kumwaibisha. Hakukuwa na watu. Nadhani alikuwa amemngojea mwezi mzima. Mwenye nyumba akanishika bega. Akafumba macho. Tukapanda. Uzito wote wa mawese ya Walikale ulikuwa kwenye bega langu la kushoto, na kila ngazi alikuwa akiuliza, "Bado ngapi?" nami nikimdanganya.

Juu akafungua macho. Mama akamwelekeza dirishani. Chini palikuwa soko, mapaa, lori lake mwenyewe dogo kama kiberiti, na barabara ikishuka kuelekea Masisi na huko mbele zaidi, nyuma ya milima iliyokuwa ikiwa bluu, kuelekea kwao. Akatazama muda mrefu. Kamasi zikamtoka, akazipangusa kwa kofia.

"Kumbe," akasema, "njo kitu hiki nilijenga."

Akanywa vikombe vitatu. Kwenye cha tatu biashara ikamrudia. "Chumba ya namna hii, Mama, niliipa bei ya chini sana. Sana."

Kutoka chini, kupitia nyufa za mbao, sauti ikapanda na vumbi la maharage: "Papa! Karatasi iko! Mwaka muzima! Iko na kidole yangu!"

Mwenye nyumba akanitazama mimi, mwandishi wa karatasi. Nikatazama upara wa mkuu wa shule uliokuwa ukipita barabarani.

Baadaye sana, chuo kikuu, walinifundisha kwa muhula mzima kwa nini nyumba mpya za maduka chini na watu juu hazikaliwi na watu wa mji ambao zilijengwa kwa ajili yao. Nilinyoosha mkono kusimulia habari hii. Mwalimu wetu wa chuo akasema si mfano mzuri, kwa kuwa aliyehamia yalikuwa maziwa.

Ni kweli. Chumba cha juu kililaliwa na Mama na vyansi vyake, na kitanda changu hakikupata nafasi, wala ubao wa vitabu. Mama wa maharage alirudi kilimani kila jioni na alihitaji mtu wa kulinda magunia, akaniomba mimi, bure. Mwaka mzima, kwa bei ile ile iliyoandikwa na mkono wangu, nililala chini, juu ya maharage, na kila alfajiri niliamshwa na miguu ya mama yangu ikitembea juu ya kichwa changu kwenda kuyaamkia maziwa.